Somo la Kuona

Mwalimu Hudson alikuwa na ugonjwa wa zamani, nao si ule uliokuja kumharibia maisha. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kupenda kuitwa Mwalimu. Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka mingi katika shule moja ya Busia, upande wa Uganda, na alipofika Dubai, akavalishwa sare ya mlinzi na kusimamishwa mlangoni mwa jengo la fleti huko Al Mankhool afungulie watu geti, alijiona kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Watu walimwita "security". Wengine hawakumwita chochote, walipiga honi tu.

Ndipo alipoanzisha darasa. Kila Ijumaa, wenye msikiti wakishatoka msikitini na wenye kanisa wakishatoka kanisani, walikusanyika kwenye fleti aliyokaa na wenzake Discovery Gardens. Sebule yenyewe ilikuwa imekatwa katikati kwa mbao ili watu wengine wapate pa kulala, na ubao mweupe wa kufundishia uliegemezwa kwenye friji. Mtu akitaka maji baridi, somo husimama. Lakini kwa mchana ule mmoja wa wiki Hudson hakuwa askari wa geti, na hakuna pesa ambayo angekubali kupewa badala ya mchana huo.

Wanafunzi walikuja na kuondoka, ila wanne walikaa. Serah, Mkenya wa Nakuru, alikuwa mlinzi wa kampuni ile ile ya Hudson, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na akili nyepesi zaidi. Famau wa Lamu alikuwa mpishi wa hoteli, mtu wa maneno machache na mizaha mingi. Teopista, Mganda mwenzake Hudson, alifanya kazi za ndani katika jumba moja huko Al Warqa, na siku madam wake alipomruhusu kutoka alifika na chupa ya chai na kabalagala, vile vitumbua vya ndizi vya kwao, zilizofungwa kwenye taulo. Wa nne alikuwa Ashiraf wa Mbale, aliyepeleka vyakula kwa pikipiki. Huyo mdomo wake haukuwa na breki.

Somo ninalotaka kulisimulia lilikuwa la mwaka 2013, na Hudson alikuwa amelipika wiki nzima kichwani pale getini.

"Leo nitawafundisha siri ya wakubwa wenu," alianza. "Mzungu haelewi kwa masikio. Anaelewa kwa macho. Sisi tukimaliza kumweleza mtu jambo, tunamwuliza nini?"

"Umesikia?" alijibu Teopista.

"Umesikia! Na mtoto mwenye adabu tunasema ni msikivu. Sasa wewe mweleze bosi wako jambo kwa Kiingereza, halafu mtazame mdomo. Hatasema amesikia. Atasema, 'I see.' Ameona! Hata kama mko gizani, umeme umekatika, yeye ameona."

Walicheka, naye kicheko kikampanda kichwani. Alitembea mbele ya friji mikono nyuma, kama zamani. Akawaambia kwamba Waingereza wawili wakikubaliana husema wanaonana jicho kwa jicho. Kwamba maoni ya mtu kwao ni "point of view", yaani pale alipoliweka jicho lake. Kwamba mtu asiyefikiria ya kesho humwita asiyeona mbali, na ukimweleza jambo likamwingia, husema limekuwa safi kama kioo. Na mkubwa akilijua kosa akajifanya halijui, husemwa kwamba ameligeuzia jicho bovu.

"Yaani kwao kila kitu ni macho?" Serah aliuliza.

"Kila kitu. Mtu ambaye hajui maneno ya macho, hata ajue sarufi namna gani, ofisini watamwona wa geti tu."

Famau alinyanyua mkono. "Basi na sisi, Mwalimu, twaona nini?" Akajijibu mwenyewe, "Sisi twaona haya. Twaona njaa, twaona baridi, twaona uchungu. Hayo ya akili twayasikia."

Hudson alifurahi mno. Alisema hilo ni neno la kuandikwa, akageuka, akachukua kalamu na kuandika ubaoni kwa mwandiko wake wa mviringo. Alipomaliza aligeuka tena akingoja wasome.

Hakuna aliyesoma. Alikuwa ameandika juu ya mstari mwingine uliokwisha kuandikwa, na yote miwili haikusomeka.

"Mwalimu," alisema Ashiraf, "umeandika juu ya maneno mengine. Na si mara ya kwanza leo. Halafu wiki jana pale kwa barabara, ile gari ya bluu ilikuja upande wako, wewe ukaingia tu, nikakuvuta shati. Hukuiona. Wewe huoni pembeni, Mwalimu. Nenda kwa daktari wa macho."

Alisema bila dharau, kama anavyomwambia mwenye pikipiki mwenzake kwamba taa yake ya nyuma haiwaki. Lakini alisema mbele za watu, mbele ya wanawake, na katika somo la kuona.

"Ashiraf, umekuja kusoma ama umekuja kupima walimu macho?"

Watu wakacheka. Ashiraf hakucheka. "Mimi nakwambia kweli. Jicho si kitu cha kufanyia mchezo."

"Mbale hawakufundishi kunyoosha mkono kabla ya kusema?"

"Nimenyoosha, Mwalimu. Nimenyoosha muda. Hukuuona."

Kicheko kilikatika. Hudson aliishika ile kalamu kwa mikono miwili, akamwonyesha mlango. "Toka. Ukijifunza adabu, utarudi." Ashiraf aliwatazama wenzake mmoja mmoja akitafuta hata mmoja wa kumuunga mkono. Teopista alikuwa ameshughulika na chupa ya chai. Famau alikuwa anatafuta kitu chini ya kiti. Basi akachukua kofia yake ya pikipiki akaenda zake, na hakurudi tena.

Sasa, mnaweza kusema Hudson alikuwa na kiburi, na mtakuwa mmesema kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba aliogopa. Alikuwa amejigonga bega mlangoni mara kadhaa mwezi ule, na alikuwa amejipa sababu zake: uchovu, jua la getini, ubaridi wa kiyoyozi unaokausha macho. Sababu hizo zilikuwa zimekaa vizuri, zikamwacha alale usingizi, na yule kijana alikuja kuzipiga teke zote kwa sentensi moja. Mtu akikuondolea usingizi hivyo, ni rahisi zaidi kumtoa yeye nje kuliko kwenda hospitali.

Baada ya mlango kufungwa, Serah alinyanyuka, akafuta ubao, akamnyang'anya Hudson kalamu kwa upole. "Mwalimu, wacha niandike mimi. Wewe sema tu. Mwalimu mzima unajichosha na ubao?"

Hudson alilipenda hilo. Kwao Busia mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa na mtu wa kumwandikia ubaoni. Tangu Ijumaa ile hakushika kalamu tena, na aliona cheo kimepanda.

Heshima haikuishia hapo. Teopista, aliyekuwa akiweka vikombe vya watu wote mezani, cha Mwalimu alianza kumpa mkononi kabisa, akimfunga vidole kwenye mpini kabla ya kuachia. Famau naye, darasa likiisha, hakukubali Hudson aende dukani ama kituo cha basi peke yake. Alimpitishia mkono kwapani, wakatembea wameshikana kama marafiki wa utotoni, akimpigia hadithi za wapishi wenzake, na kwenye kila barabara hadithi ilisimama mpaka magari yapite. Viatu vilivyozagaa mlangoni vilianza kupangwa ukutani. Kiti cha Mwalimu kilipata mahali pake, na hakuna aliyekisogeza. Hudson aliyapokea yote hayo kwa kichwa kilichonyooka. Nilisema ugonjwa wake ulikuwa kupenda kuitwa Mwalimu. Miaka mitatu iliyofuata ugonjwa ulinenepa.

Kazini alimudu, maana geti liko mbele ya mtu. Gari linakuja mbele, dereva anaonyesha kadi mbele, kizuizi kinapanda mbele. Ila wapangaji waliotokea ubavuni wakamsalimia bila kujibiwa walimwona mwenye maringo. Bibi mmoja wa ghorofa ya juu alipeleka malalamiko kwamba askari wa geti anachagua watu wa kusalimia. Hudson alipoambiwa aliapa kwamba huyo bibi hajawahi kumsalimia hata siku moja, na alikuwa anasema anachokijua.

Miguu ndiyo iliyokuwa inamuumiza. Kusimama mchana kutwa kwenye joto la Dubai kulikuwa kumemvimbisha vifundo, na usiku alilala miguu ikiwa juu ya begi. Kwa hiyo mwaka 2016 msimamizi wake alipomwita, habari aliyopewa ilikuwa kubwa kwake kuliko inavyoweza kuonekana kwa mtu anayefanya kazi ameketi.

Msimamizi huyo, Jaafar, alikuwa amezaliwa papo hapo Dubai, lakini nyumbani kwao Kiswahili cha Unguja hakijaacha kusemwa tangu enzi za bibi yake.

"Skiza, bwana Hudson," alisema. "Kile chumba cha kamera chataka mtu. Yule Mnepali arudi kwao. Mie nimekutaja wewe, kwa kuwa Kiingereza chako kimenyooka, na wewe mtu mzima, hutolala kazini. Kazi ya kukaa, bwana. Baridi safi. Utatazama vioo tu."

"Ahsante sana, sir. I see it as an honour."

"Inshallah. Limebaki moja, lazima ukapimwe macho. Utaratibu wa kampuni huo, si mie. Ukipita, kiti chako."

Kiti! Hudson alikuwa amewahi kukiona kile kiti. Kilikuwa na magurudumu na mahali pa kuegemeza shingo. Ijumaa hiyo alilieleza darasa habari hizo akiwa amesimama, ingawa miguu ilimuuma, kwa sababu habari kama ile haielezwi mtu akiwa ameketi. Walinyamaza wote. Alidhani wamepigwa na butwaa kwa furaha.

"Hiyo test ya macho ni lini, Mwalimu?" Serah aliuliza.

"Jumanne."

"Na huwezi kuwaambia wangoje kidogo? Si ungeanza na daktari wako mwenyewe kwanza, uone…"

"Wangoje nini? Nasoma gazeti bila miwani, Serah. Wewe mwenyewe huwezi."

Hilo lilikuwa kweli. Serah alifungua mdomo, akamtazama Famau. Famau akatikisa kichwa kidogo tu. Hudson hakuliona hilo, kwa kuwa Famau alikuwa ameketi ubavuni kwake.

Jumanne alinyoa ndevu, akapiga pasi shati la kanisani. Zahanati ilikuwa na harufu ya dawa na kahawa. Kwanza alisomeshwa herufi za ukutani, akazisoma zote, hata zile za chini kabisa zinazofanana na mchanga, kwa sauti ya darasani. Muuguzi, mwanamke wa Kifilipino, alimsifu. Kisha akampeleka chumba chenye giza, akamkalisha mbele ya mashine yenye tumbo jeupe kama bakuli kubwa, akamwekea kidevu mahali pake na kumpa kitufe mkononi. Atazame katikati, asihamishe jicho, na kila akiona kimulimuli popote pale, abonyeze.

Hudson alitazama katikati. Kimulimuli kikaja, akabonyeza. Kikaja kingine, akabonyeza. Kisha mashine ikanyamaza. Aliisikia ikinguruma taratibu ndani, kama friji ya sebuleni kwao, lakini hapakuja kitu. Alingoja. Alifikiria kile kiti chenye magurudumu. Alimfikiria mkewe Busia, atakavyomwambia kwenye simu kwamba sasa anafanya kazi ameketi. Kimulimuli kimoja kikaja katikati, akabonyeza haraka asije akaambiwa amesinzia, halafu ukimya ukarudi, mrefu kuliko wa kwanza. Jicho la pili likawa vile vile. Akaona haya kwa ajili ya mashine yao, nchi tajiri hivi na mashine mbovu.

"Sister," alisema mwishowe, bila kutoa kidevu, "we start when?"

Muuguzi aliwasha taa. Hakumtazama usoni. "Khalas, sir. Finished already."

Daktari alikuwa mwanamke wa Kisudani, mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Alimtia matone, akamulika, akapima, akapima tena. Kisha akageuza kioo cha kompyuta kumwelekea. Palikuwa na picha mbili za mviringo, nyeusi tititi, kila moja na kitundu cheupe katikati.

"Hii nyeupe ndiyo unayoona," alimweleza kwa Kiingereza, polepole. "Hii nyeusi yote imekwenda."

"I see," alisema Hudson.

Lilimtoka kwa mazoea, neno alilolifundisha mwenyewe, na lilipotoka alitamani kulirudisha mdomoni. Daktari alimtazama, akainamia karatasi zake.

Ilikuwa presha ya macho. Daktari alimweleza kwamba ugonjwa huo hauumi wala haupigi hodi. Unaanza kula pembeni na kumwachia mtu katikati, kwa hiyo anasoma gazeti vizuri huku kuta zinamfunga. Hauponi. Lakini ukiwahiwa husimamishwa pale ulipofika, kwa matone tu, ya kutia macho kila jioni. "Ungekuja miaka mitatu nyuma," alisema, "leo ungekuwa unaendesha gari. Sasa nitajaribu kukulindia hicho kitundu." Akaweka kalamu chini. "Hukuwa unajigonga? Hukuwa unaangusha vitu? Huishi na watu?"

"Naishi na watu wengi sana," alisema Hudson.

"Na hakuna aliyeona?"

Alirudi na swali hilo kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwingine. Wiki hiyo hiyo Jaafar alimwita, na safari hii alimkalisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kiti cha kamera hakipo tena. Geti nalo halipo, kwani mlinzi asiyeona pembeni akigongwa na gari, kampuni itasemaje? Viza itafungwa, tiketi ya kurudi watamkatia.

"Mie nimewaeleza wakubwa, bwana Hudson. Nimewaomba wakutafutie hata kazi ya ndani. Wakanambia, 'Jaafar, we see your point.'"

"Basi nimeelewa," alisema Hudson. Alikuwa amewafundisha wengine maana yake: wakubwa wakishaiona hoja yako, wamekwisha kuifungia kabatini. Jaafar alimshika mkono kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mwema, na wema wake haukuwa na kazi.

Ijumaa ya mwisho walifika wote mapema. Teopista alikuwa amepika kabalagala nyingi kuliko kawaida. Kiyoyozi kilinguruma, ubao ulikuwa mweupe, na Hudson alikaa kwenye kiti chake ambacho miaka mitatu hakikusogezwa. Alijua sasa kwa nini hakikusogezwa. Siku zile za kufunga begi alikuwa ameyapitia mambo moja moja, kikombe, viatu, mkono wa Famau kwapani, na kila heshima aliyoigusa iligeuka fimbo ya kipofu. Hilo ndilo lililomchoma. Macho yalikuwa yamekwenda, sawa, lakini hata ile miaka mitatu ya kuwa mtu mkubwa ilikuwa imekwenda nayo.

"Leo hakuna somo," alisema. "Nina swali. Daktari aliniuliza, sikuwa na jibu. Nani kati yenu aliona?"

Teopista alianza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

"Nawauliza. Nani aliona?"

"Sote, Mwalimu," alisema Serah.

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya ubao."

Teopista alianza kulia. "Mimi nilikuwa naweka kikombe mkononi ndiyo chai isikuchome. Siku moja ulikuwa umeshika hewa, Mwalimu. Nikaona vibaya watu wakuone."

"Nami nikikushika mkono kwenye barabara," alisema Famau. "Usiku nalikuwa nikifikiria, je, siku nisipokuwapo? Lakini mtu amwambieje mwalimu wake? Naliona haya."

"Uliona haya!" Hudson alinyanyuka, goti likagonga meza. "Haya zako zimenila macho, Famau! Matone, matone tu ya jioni! Mngeniambia neno moja. Mlikula kabalagala hapa, mkanisikiliza nikipiga kelele juu ya Waingereza na macho yao, na mko mnanicheka rohoni. Miaka mitatu mmenigeuzia jicho bovu. Mnaniita Mwalimu, kumbe mlikuwa mnalea kipofu!"

Walikuwa wameinamisha vichwa, kama darasa linalokaripiwa, na pengine wangekaa hivyo mpaka achoke, kama si Serah. Serah aliinuka taratibu.

"Hatukukucheka hata siku moja. Siku tuliyocheka ni moja tu, Mwalimu, siku ya Ashiraf. Yeye alikuambia. Alikuambia clear kabisa, mbele ya sisi wote: huoni pembeni, nenda kwa daktari. Ukamfukuza kama mbwa, na sisi tukacheka na wewe. Baada ya hapo, nani angeongea? Ulikuwa unatufundisha kila Friday, na tulikuwa tunashika. Hiyo ndiyo tulishika kuliko zote."

Hudson alibaki amesimama. Alikuwa amejiandaa kwa machozi yao na kwa kuombwa radhi, hata alikuwa amepanga atakavyosamehe. Kwa hili hakujiandaa. Jina la Ashiraf alikuwa amelizika chini kabisa, na siku zote za kufunga begi, alipokuwa akiyapitia mambo moja moja, alilipita hilo bila kulisimamia. Sasa lilikuja lote, na ule mkono ulionyooshwa muda mrefu asiuone.

Akaketi. Halafu Teopista, kwa kuwa hakujua la kufanya, alifanya alilozoea: alimimina chai, akaja nayo, akautafuta mkono wa Mwalimu.

"Weka mezani," alisema Hudson.

"Mwalimu…"

"Mezani. Kama cha watu wengine."

Akakiweka. Hudson alinyoosha mkono kwa uhakika wa mtu mwenye nyumba, na migongo ya vidole vyake ikakipiga kikombe ubavuni, kikaanguka, chai ikatapakaa meza nzima.

"Ni mimi," alisema Teopista haraka. "Nimekiweka pembeni mno."

"Na meza yenyewe imeinama," alisema Famau. "Tangu zamani meza hii si sawa."

Serah naye alikwisha kuchukua kitambaa. Hudson aliwasikiliza. Walikuwa wanampenda, hilo hakuweza kulikana, na lilimuuma kuliko kama wangekuwa maadui. Aliwaomba ukweli kwa kelele, wakampa, na kabla chai haijapoa walikwisha kurudi kumdanganya.

"Kiacheni," alisema. "Serah, una namba ya Ashiraf?"

Serah alisita, akaitafuta kwenye simu yake, akaipiga, akamwekea simu mkononi. Iliita kwa muda mrefu. Ilipopokelewa, sauti ya kwanza ilikuwa ya barabara, honi na upepo, kisha injini ikazimwa.

"Serah? Niko kazini."

"Si Serah. Ni Hudson." Akajisahihisha. "Ni Mwalimu."

Hudson alikuwa ametayarisha maneno. Alitaka kuanza na salamu, kisha aulize habari za Mbale, kisha polepole afike kwenye ile Ijumaa. Hakupata nafasi.

"Mwalimu!" alisema Ashiraf. "Sasa ulienda kwa daktari?"

Aliuliza kama vile waliagana jana, kama vile miaka yote hiyo alikuwa amesimama nje ya mlango akingoja jibu la swali hilo.

"Nimeenda," alisema Hudson.

"Lini?"

"Mwezi huu."

Hudson alibana simu sikioni, akingoja kuambiwa kwamba si neno, kwamba madaktari wa siku hizi ni hodari, kwamba Mungu yupo. Sebule nzima ilikuwa imejaa watu ambao wangemwambia hivyo.

"Basi umechelewa, Mwalimu," alisema Ashiraf.

"Ndiyo. Nimechelewa. Ahsante."

Alimrudishia Serah simu yake. Kisha akaomba kile kitambaa, akakataa kusaidiwa, akaanza kuipangusa meza mwenyewe, kwa bidii, akikikamua kitambaa ndani ya kikombe na kurudia mpaka mbele yake pakakauka. Alipomaliza alikikunja vizuri akakiweka kando, na ingawa nusu nzima ya meza, upande wa kushoto, ilikuwa bado imejaa chai inayodondoka sakafuni, hakuna aliyemwambia.